Kinachounguza Mota za Meru na Embu

Mafundi wa stima wa Nkubu, Maua, Runyenjes na Embu mjini wanaijua vizuri mota ya mashine ya kukata majani ya ng'ombe.  Majani hayo, nepia, hayana mapumziko. Ng'ombe mmoja wa Friesian hula takribani kilo 70 za nepia mbichi kwa siku, kwa hiyo mwenye ng'ombe watatu ana zaidi ya kilo 200 za kupitisha kwenye visu kila siku ya Mungu, Jumapili ikiwemo. Hapo panga limeshashindwa. Kazi hiyo huachiwa mota ya fezi moja, hospawa 2 au 3, iliyofungwa kwa boliti kwenye fremu ya chuma kando ya zizi.

Ikiungua, mazungumzo ni yale yale. "Fundi, hii ya Kichina imekufa." "Iache hapo mama, uje kesho kutwa." Mota inasukwa upya, inalipiwa, inarudi nyumbani, na baada ya miezi michache iko kibandani tena ikinuka vile vile. Mwenye mota anamlaumu fundi, fundi analaumu waya wa sokoni, na wote wawili wanailaumu Uchina.

Kwa maoni yangu, wengi wa hawa wanaolaumiwa wanasingiziwa. Mota nyingi za huku zinauliwa na vitu vilivyo nje yake: waya mwembamba wa kuvutia stima, laini dhaifu, visu butu, na swichi ndogo iliyojaa vumbi. Fundi anayesuka bila kumtafuta muuaji anaandaa mota ya kuungua mara ya pili.

Tuanze na stima. Mwaka 2015 serikali ya Kenya ilizindua mpango wa kuwaunganishia umeme wananchi walio ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma, na ada ikashuka kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000. Vijiji vingi vya Imenti, Igembe, Manyatta na Mbeere vilipata mwanga kwa njia hiyo, na hakuna anayetamani kurudi kwenye koroboi. Lakini laini iliyopangiwa balbu na redio sasa inavutwa na pasi, mashine za kuchomelea, pampu za maji na mota za kukatia majani, na aliye mkiani hupokea kilichobaki. Kibati cha mota kinasema volti 240. Saa moja jioni, watoto wakiwa wamerudi shule na kila nyumba imewasha kila ilichonacho, mita ikisoma 200 mwisho wa laini fundi hashtuki.

Kinachomponza mkulima ni kwamba nguvu ya mota kuzungusha haishuki sawasawa na volti. Inafuata mraba wake. Kutoka 240 hadi 200 umepoteza moja ya sita ya volti, lakini nguvu ya kuzungusha imepungua kwa karibu theluthi nzima. Nepia nayo haijapungua ugumu. Mota inapunguza mwendo, inavuta mkondo mkubwa zaidi ili imudu kazi, na joto la koili hupanda kwa mraba wa mkondo huo. Mafundi wa mota wana kanuni ya miaka mingi kwamba kila digrii 10 za joto la ziada huukata umri wa vanishi na karatasi za ndani kwa nusu. Basi mota iliyotegemewa kudumu miaka kumi inapikwa polepole, jioni moja baada ya nyingine, na siku inapotoa moshi mwenyewe huapa kwamba jana ilikuwa nzima.

Inachekesha kidogo kwamba mabwawa makubwa ya Mto Tana, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yapo kwenye mipaka ya Mbeere, na Kindaruma imekuwa ikizalisha stima tangu 1968. Kukaa karibu na bwawa hakumsaidii mtu. Kinachoamua ni transfoma ya kijiji na urefu wa nyaya kutoka hapo.

Tena kuna nyaya ambazo mkulima amezivuta mwenyewe. Mita iko ukutani mwa nyumba, zizi liko chini kwenye mteremko, mita 60 hivi, na waya uliotumika ni ule wa soketi za nyumbani, wa milimita za mraba 2.5. Piga hesabu. Mita 60 za kwenda na 60 za kurudi za waya huo wa shaba zina ukinzani wa karibu om 0.8. Mota ya hospawa 3 ikishachangamka huvuta ampia 14 au 15, na volti 12 zinapotea njiani. Hilo linavumilika. Lakini wakati wa kuwashwa huvuta mara tano au zaidi ya hapo, na kwa ampia 70 hesabu ile ile inakupa hasara ya volti 50 na kitu. Hata kama nyumbani una 240 kamili, mota inaamka na 180 na ushei, ikiwa na nguvu ya kuanzia iliyozidi nusu kidogo tu. Inanguruma, inasitasita, inaanza kwa shida, na kila sekunde ya kusitasita koili ya kuanzia inaiva. Waya wa milimita 6 ungeishusha hasara hiyo hadi chini ya nusu. Ni ghali, ndiyo, lakini mwenye kusuka mota mara mbili ameshaulipia waya huo bila kuupata.

Mzigo wenyewe ni mshukiwa wa pili. Visu vya mashine hizi hutakiwa vipite karibu sana na bamba la kukatia bila kuligusa. Vikishakuwa butu, au boliti zikilegea na nafasi ikapanuka, nepia haikatwi tena. Inapondwa na kuvutwa, na nyuzi zake zinajisokota kwenye ekseli. Nepia iliyoachwa ikapita urefu wa mtu ina mashina magumu kama muwa, na kijana aliyetumwa haraka huyasukuma kwa mafungu. Ukitaka kujua mota inabebeshwa kiasi gani, mita ya kubana, ile inayokumbatia waya mmoja, inakujibu kwa dakika moja. Soma mkondo wakati wa kukata, ulinganishe na ulioandikwa kwenye kibati. Ukizidi, noa visu kwanza. Belti nayo ikikazwa kupita kiasi huivuta ekseli upande mmoja na kuua beringi. Ikilegea huteleza na kuungua yenyewe.

Beringi ni habari ya shilingi chache inayoachwa ikawa ya maelfu. Namba ya kawaida kwenye mota za ukubwa huu ni 6205, yenye tundu la milimita 25, au 6204 ya milimita 20. Duka litakuuliza unataka ZZ au 2RS. ZZ ina vifuniko vya bati visivyoziba kabisa. 2RS imezibwa kwa mpira pande zote mbili. Kwa mashine inayorusha vumbi la majani makavu na unyevu wa nepia kutwa nzima, chukua 2RS. Beringi iliyochakaa ikiachwa iendelee, rota inayozunguka huanza kukwaruza stata iliyosimama, na ukifungua utaona mistari inayong'aa upande mmoja wa chuma. Hapo umeshapoteza zaidi ya beringi.

Sasa mota yenyewe. Kabla ya kufungua skrubu yoyote, toa plagi, toa belti, uzungushe ekseli kwa mkono. Ikizunguka laini bila mchezo wa kushoto na kulia, beringi zinaelekea kuwa salama. Iwashe bila belti. Ikinguruma na kusimama pale pale, izime mara moja: ama kapasita imechoka, ama swichi ya ndani haifungi, ama koili ya kuanzia imekatika. Kapasita ndiyo rahisi kuliko zote na ndiyo ya kwanza kupimwa, baada ya kuimaliza chaji yake kupitia balbu. Ikikaa na chaji inaweza kumrusha mtu. Mita ikionyesha imepungua kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ya maikrofaradi zilizoandikwa ubavuni, ibadilishe. Kuna mota zilizosukwa upya nzima wakati kilichokufa kilikuwa kapasita tu, na mwenyewe hakuwa na njia ya kujua.

Ikishafunguliwa, koili zilizoungua husomeka, na fundi mzuri hazing'oi kabla hajazisoma. Zikiwa zimekuwa nyeusi zote kwa usawa, kuanzia mwanzo hadi mwisho, mota ilizidiwa mzigo au ililishwa volti pungufu kwa muda mrefu. Usihangaike na waya wa ndani, nenda kapime stima na visu. Koili za kuanzia zikiwa makaa huku zile kuu bado zina rangi yake ya kahawia, mshukiwa ni swichi ya ndani, ile inayotakiwa kuachia kwa nguvu ya mzunguko mota inapokaribia mwendo wake. Vumbi la majani likichanganyika na grisi huigandisha, koili ya kuanzia iliyotengenezwa kufanya kazi kwa sekunde chache inabaki kwenye stima, na mambo yanaisha kabla ya debe la kwanza kujaa. Kukiwa na doa moja tu lililotoboka na shaba iliyoyeyuka ikawa kitone, mahali pengine pote pasafi, hapo ndipo lawama inaweza kuwa ya waya uliochubuliwa wakati wa kusuka au maji yaliyoingia.

Mota za fezi tatu, za mashine za kusaga unga na za viwanda vya kahawa vya vyama vya ushirika, zina maandishi yake. Fezi moja ikikatika kwenye nguzo au fyuzi moja ikiungua, mota haisimami. Inaendelea kwa mbili zilizobaki huku ikijiua. Koili zikiwa zimeungwa kwa nyota, utakuta fezi mbili nyeusi na moja safi kabisa. Zikiwa zimeungwa kwa pembetatu, moja imeungua na mbili zimepona. Fundi akikufungulia na ukaona mpangilio huo, mwambie asishike waya mpaka kwanza mtafute fezi iliyopotea na kufunga kifaa cha kukata stima fezi isipotimia.

Kahawa inaleta tatizo lake. Ilianza kulimwa na wenyeji wa Meru na Embu miaka ya 1930, na mpaka leo mashine za kumenya matunda hufanya kazi kwa msimu: ule mkuu wa mwisho wa mwaka na ule mdogo wa katikati. Kati ya misimu mota inakaa kimya miezi kadhaa kando ya mifereji ya maji, kwenye ukungu wa miteremko ya Mlima Kenya. Unyevu unanyonywa na karatasi za ndani. Siku ya kwanza ya kuchuma, foleni ya wakulima na magunia yao iko nje, swichi inawashwa, na mota iliyozimwa ikiwa nzima inalipuka. Dawa yake inajulikana: kabla ya msimu, pima kwa mega ya volti 500, kifaa cha kupima uvujaji wa stima, kati ya koili na bodi. Megaom 5 kwenda juu, endelea. Chini ya 1, usiwashe. Ifungue, ikaushe kwa joto la taratibu, upime tena. Viwanda vya chai vya kaunti hizi, kama Imenti na Githongo upande wa Meru au Mungania na Rukuriri upande wa Embu, vina mafundi wa kuajiriwa, na kukausha na kupima ni sehemu ya kazi yao. Kiwanda kidogo cha kahawa chenye mlinzi na karani hakina mtu wa kazi hiyo, na mega moja ya kuazimana kati ya vyama vitano ingetosha.

Kusuka kwenyewe kunaharibika mahali patatu.

Pa kwanza ni pa kutoa waya wa zamani. Njia ya mkato ni kuitupa stata kwenye moto wa kuni mpaka vanishi iungue. Chuma cha stata si kipande kimoja. Ni mabati membamba yaliyotengwa kwa ngozi nyembamba ya kuzuia umeme, na moto usiopimwa huichoma ngozi hiyo. Baada ya hapo mabati yanagusana, umeme unazunguka ndani ya chuma, na mota inapata joto hata kabla ya kufanya kazi. Mwaka 2003 vyama vya warekebishaji mota vya Marekani na Uingereza, EASA na AEMT, vilitoa matokeo ya majaribio yao: mota iliyosukwa kwa utaratibu hubaki na ufanisi wake, na joto la kuchomea halitakiwi kupita digrii 370 hivi. Moto wa kuni hauna kipimo. Fundi asiye na tanuri anaweza kukata vichwa vya koili upande mmoja kwa tindo na kuzivuta kutoka upande wa pili. Inachosha mikono lakini haiui chuma.

Pa pili ni kwenye hesabu. Raundi za kila koili, unene wa waya kwa maikromita, hatua kutoka mfereji hadi mfereji wa stata na jinsi ncha zilivyoungwa vinatakiwa kuandikwa kabla ya kukata chochote. Wapo wanaopunguza raundi ili waya utoshe, au wanaotumia waya mwembamba kwa sababu ndio uliokuwa dukani. Mota hiyo itazunguka mbele yako na utaondoka ukifurahi. Mita ya kubana ndiyo inayoiumbua: ikiwa bila kazi yoyote mkondo umeshakaribia ule wa kibati kabla nepia haijaingia, raundi ni chache.

Pa tatu ni vanishi. Koili zisizoshikana vizuri hutikisika mara mia kwa sekunde, zinakwaruzana na kuchubuana. Vanishi inatakiwa iingie mpaka ndani ya mifereji na ikauke kwa joto kama mtengenezaji alivyoelekeza. Kuipaka juu juu kwa brashi na kuianika juani kwa saa mbili ni kupaka rangi.

Swali la kama mota inastahili kusukwa halina jibu moja. Kwenye mota za bei ya chini koili mara nyingi ni za alumini iliyopakwa rangi ya shaba. Kwangua waya kwa wembe: ukiona weupe ndani, umeijua. Alumini hupitisha umeme kwa takribani asilimia 61 ya shaba, hivyo inahitaji waya mnene zaidi kwa kazi ile ile, na mifereji haina nafasi. Kuisuka kwa shaba kunaweza kuipa uhai bora kuliko ilivyotoka kiwandani, mradi chuma cha stata kiwe cha kutosha. Kibati cha hospawa 3 kwenye stata fupi nyepesi ni uongo uliochapishwa, na hakuna fundi wa kuugeuza kuwa kweli. Mota nzito ya zamani yenye shaba na chuma kirefu, hata ikiwa imetoboka kutu kwenye kifuniko, isuke. Nyepesi ya alumini, gharama ikipita nusu ya bei ya mpya, iache iende kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Kanuni za Kenya za mwaka 2016 kuhusu ufanisi wa vifaa vya umeme ziligusa mota za fezi tatu. Hizi za fezi moja za zizini hazikuguswa, nazo ndizo mkulima mdogo anazonunua. Mafunzo yapo: Meru National Polytechnic inafundisha umeme, na NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, hutoa mitihani ya ufundi kwa madaraja kwa waliojifunzia kazini. Tatizo ni kwamba cheti hicho hakimwongezei fundi wa kibandani hata shilingi moja, kwa kuwa mteja anauliza bei na siku tu. Mteja angeanza kuuliza vipimo, mafundi wangenunua mita ndani ya mwaka.

Jambo la mwisho halihusu mota bali watu. Mashine hizi ni za chuma, zimesimama kwenye sakafu yenye mkojo na maji, na nyingi hazina waya wa ardhi. Mota ambayo mega imeonyesha iko chini ya kipimo inaweza kuendelea kukata majani vizuri huku bodi yake ikiwa na stima. Ng'ombe akikataa kusogelea sehemu fulani ya zizi, au wewe ukihisi mkono unawashwa unapogusa fremu, usingoje fundi wa mota. Zima kwenye mita na umwite fundi wa nyumba mwenye leseni afunge ardhi na swichi inayokata stima inapovuja.

Wewe unayepeleka mota kesho, omba kuonyeshwa koili zilizoungua kabla hazijatupwa, na uulize zinasema nini. Dai waya wa zamani upimwe pamoja na mpya. Mota ikiwa tayari, isipimwe kwa kuzunguka tu mbele yako. Isomwe kwa mega na kwa mita ya kubana, na namba hizo ziandikwe kwenye risiti. Fundi asiye na vifaa hivyo anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini mota yako mpelekee aliye navyo.